Uma Sita na Mtoto wa Kuazima

Siku ya Alhamisi Chola alirudi kutoka shuleni amevaa masikio ya punda. Yalikatwa kwenye katoni ya sabuni, yakashonwa juu ya ukanda wa kitambaa na kufungwa kisogoni kwa fundo ambalo mtoto wa miaka kumi hawezi kulifungua peke yake. Sikio la kushoto bado lilikuwa na nusu ya jina la sabuni. Nyuma yake walikuja watoto kama kumi na wawili, wote wa mtaa wa Kamalondo, wakilia kama mbuzi, kwa sababu katika mji mzima wa Élisabethville hapakuwa na mtoto aliyewahi kumsikia punda. Walimjua kwa picha tu, ile ya Bwana Yesu akiingia Yerusalemu.

Wivine, mama yake, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaenda hadi kwenye lango, akawatazama wale watoto mmoja mmoja, hadi mbuzi wote wakanyamaza. Kisha akamgeuza binti yake na kuanza kulifungua fundo kwa meno. Kitambaa kilikuwa na ladha ya jasho kuukuu, jasho la vichwa vingi. Chola hakuwa wa kwanza kuvishwa adhabu hiyo. Wivine akatema mate chini, akasukutua mdomo, akatema tena.

"Usiyapasule, mama," Chola alisema. "Mamzele anayataka kesho."

Ndani ya daftari kulikuwa na barua. Wivine hakujua kusoma, kwa hiyo barua ilikaa mezani chini ya kikombe mpaka saa kumi na moja, Godefroid aliporudi. Godefroid alikuwa karani katika ofisi ya mizigo ya stesheni. Alitembea kutoka kazini amejifunika pua kwa leso, maana jioni hiyo upepo ulikuwa umeusukuma moshi wa kiwanda cha shaba upande wa makazi ya weusi, na moshi ule ulikuwa na tabia ya kukaa kwenye ulimi kama sarafu. Aliisoma barua amesimama. Mamzele Jeanne, mwalimu wa darasa la tatu, aliandika kwamba Chola alikuwa anarudia darasa kwa mara ya pili, kwamba alichosoma Jumatatu hakukijua tena Jumanne, kwamba alizichanganya herufi kwa makusudi ili asichoke. Kama mpaka Pasaka hatasoma ukurasa mmoja mbele ya sista mkuu, nafasi yake kwenye benchi angepewa mtoto mwingine.

Godefroid aliikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ileile. Alikuwa mtu wa mikunjo. Wakati huo alikuwa anangojea jambo ambalo wanaume wa Kamalondo walilitamani na kulidharau kwa mdomo mmoja: karata, yaani ile kadi ambayo serikali ya Wabelgiji ilimpa mtu mweusi baada ya kuhakikisha kwamba amestaarabika. Mwenye karata hapigwi fimbo. Mwenye karata huweza kupita mitaa ya wazungu usiku bila kuonyesha barua ya bwana wake kama mbwa anavyoonyesha mkanda. Lakini kabla ya karata huja komisyo, kamati ya wakaguzi, nyumbani kwako, kutazama kama unakula mezani, kama mkeo anafua mashuka, kama watoto wako wanasoma. Komisyo ya Godefroid ilikuwa imepangwa Jumamosi, baada ya majuma matatu. Na katika fomu, kwa mwandiko wake uliosifiwa stesheni nzima, aliandika kwamba watoto wake wawili wanasoma na kufaulu vizuri.

"Mutoto anaenda Mitwaba," alisema. "Ku mama yangu. Lori ya Chanda inatoka mwisho wa mwezi."

Wivine akamuuliza kufanya nini huko.

"Kulima. Jembe haiombe muntu asome."

Chola alikuwa amekaa kizingitini, akichambua mchele kwa ajili ya mdogo wake Désiré aliyekuwa na homa. Vidole vyake havikusimama. Alikuwa ameshajifunza kusikia mambo yake mwenyewe yakisemwa bila kugeuza kichwa.

Wivine aliomba yale majuma matatu. Aliyaomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani ambaye juzi tu alimpa. Godefroid alimtazama, akamtazama mtoto, akasema sawa: akisoma siku ya komisyo, atabaki. Asiposoma, lori.

Kesho yake Chola alikwenda shuleni bila masikio. Wivine alimwambia aseme yameanguka motoni. Hayakuanguka motoni. Aliyaficha chini ya godoro, kwa sababu katoni ngumu namna ile haitupwi, hata kama inanuka.

*

Kila Jumanne na Ijumaa wake wa makarani walikwenda kwenye foaye, nyumba ambamo bibi mmoja wa kizungu aliwafundisha kuogesha watoto, ingawa walikuwa wakiwaogesha tangu zamani, na kudarizi. Kudarizi Wivine alikupenda. Tangu mwaka uliopita alikuwa anatia tarizi kwenye kitambaa cha meza chenye herufi zote za alfabeti kandokando, kila moja kwa rangi yake, kufuatana na kielelezo walichopewa. Hakujua hata moja inaitwaje. Alizijua kama unavyoijua njia ya kwenda kisimani: hapa unashuka, hapa unapanda, hapa unazunguka tumbo mara mbili, unafunga uzi.

Jumapili ile alikuwa akimalizia kitambaa hicho, kwa kuwa kilitakiwa mezani siku ya komisyo. Chola alikaa karibu yake na kitabu cha shule magotini. Godefroid alikuwa ameamuru kwamba asome saa nzima kila siku. Mtoto alikuwa anasoma huku jasho likimtoka. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka, na mara kwa mara alibonyeza macho yake kwa ngumi.

"Unaona nini mule?" Wivine aliuliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walimuuliza kwa nini.

Chola alifikiri kwanza. Alisema herufi ni kama inswa, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Ukimtazama mmoja yupo. Ukimtazama wa pili, yule wa kwanza amekwisha kupoteza mabawa na kugeuka upande mwingine. Alisema b na d ni watu wawili wanaobadilishana kofia ili wamcheke.

Wivine hakujua b wala d. Akamsogezea kitambaa. Chola, kwa uchovu, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo. Kidole kilishuka, kikapanda, kikazunguka tumbo mara mbili. "Hii ni B," alisema. Kidole kikahama. "Hii ni D. Hii iko na tumbo moja. Hii ni G, ya jina ya baba." Akaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye pembe ya kitambaa, macho yamefumbwa, na hakuna hata moja iliyombadilishia kofia.

Mama aliijua miili ya herufi, binti aliyajua majina yao. Kwa mwaka mzima walikuwa wamekaa nyumba moja na hakuna aliyewakutanisha.

Ndipo Wivine alipotoa yale masikio chini ya godoro. Aliyakata kwa mkasi wa foaye kwa furaha ya mtu anayekata shingo ya nyoka, akatoa herufi ngumu za ukubwa wa kiganja, akazivisha mabaki ya vitambaa na kuzishona kwa uzi mnene ili kidole kijue mahali pa kuanzia. Sikio la kushoto lilitoa irabu zote. Akazitia ndani ya mfuko wa sukari, na mchezo ukaanza: unaingiza mkono bila kutazama, unashika moja, unasema jina. Ukipata, unakula karanga. Désiré, aliyekuwa na miaka sita na aliyesoma vitabu vya dada yake kwa kujigamba, alishindwa mara nne mfululizo. Chola alikula karanga kumi na moja. Alizitafuna polepole, akimtazama mdogo wake, na Wivine aligundua kwamba alikuwa amesahau mtoto huyu akicheka anakuwa na kishimo kwenye shavu.

Baadaye walitumia mashimo ya kisolo, yale ambayo wanaume wa jirani waliyachimba uani kwa ajili ya mchezo wao wa kete. Katika kila shimo herufi mbili, na kete ikitua shimoni lazima useme herufi hizo zikiungana zinatoa sauti gani, Désiré akiwa mwamuzi. Ma. Bu. Ki. Mara nyingi Chola alikwama, kichwa kikashuka kati ya mabega, tabia aliyoitoa shuleni, ya mtu anayengojea kofi. Wivine alikuwa na neno moja tu la kumwambia.

"Polepole. Hakuna mwenye anakufukuza."

Juma la pili Wivine alijitia moyo, akavaa kitenge chake cha misa, akaenda shuleni na mfuko wake. Mamzele Jeanne alimpokea mlangoni. Nyuma yake watoto sitini walikuwa wanaimba ukurasa kwa sauti moja, na macho yake yalikuwa mekundu kwa chaki na usingizi. Alizitazama zile herufi za vitambaa, akaitambua rangi ya katoni kwenye mshono uliofunguka. Akamuuliza kwa heshima, heshima ile inayokata, kama mama mwenyewe anajua kusoma. Wivine akajibu kwamba hapana. Mamzele akasema basi, akamrudishia mfuko kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayebeba panya kwa mkia.

*

Juma la tatu nyumba ilijaa vitu vya watu. Godefroid aliazima viti vinne kwa katekista, redio kwa fundi cherehani, na uma sita kwa Paulin, karani mwenzake aliyetoka Kasai. Redio haikufanya kazi, lakini komisyo haikuwa na desturi ya kuziwasha. Kila jioni familia ilikula bukari, yaani ugali, kwa uma, kwa mazoezi. Bukari kwa uma ni jambo la kuchukiza hata kulitazama: tonge linachanika, mchuzi unabaki, na mtu anamfukuza samaki kwenye sahani kama mlevi anayetafuta funguo zake. Godefroid alikula wima, tai shingoni, akasema polepole watazoea.

Alhamisi, baada ya chakula, alimwita Chola. Alifungua kitabu ukurasa wa kumi na nne na kuweka saa yake mezani.

Chola alisoma. Neno la kwanza lilikuja. La pili lilikuja kwa kidole, akilichora kwenye paja lake chini ya meza kabla ya kulitamka. La tatu likakaa, likakataa, kisha likaja. Wivine alisimama mlangoni na hakupumua. Majuma matatu kabla, mtoto huyu hakuweza hata neno moja, na sasa alikuwa anavuka mstari kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, jiwe kwa jiwe, bila kuanguka. Alipofika mwisho wa mstari akainua uso, kishimo shavuni.

Godefroid alikuwa anatazama saa. "Mustari moja," alisema. "Dakika ine. Komisyo italala hapa?"

Akafunga kitabu. Hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililomuumiza Wivine zaidi: alifunga kitabu taratibu, asimuumize mtoto vidole.

Usiku ule, au tuseme kabla taa haijazimwa, alimweleza mkewe kwamba ameshazungumza na Paulin. Binti wa Paulin, Léonie, alikuwa na miaka kumi vilevile, alisoma Kifaransa kama maji yanavyomiminika. Angekuja Jumamosi saa nane, angekaa mezani karibu na Désiré, angesoma na kurudi kwao. Chola angekaa jikoni nje. Ni saa moja tu. Kwani kwao kijijini mtoto wa ndugu si mtoto wako? Kwani shangazi hakumlea yeye mwenyewe kama mwana wake? Hakuna uongo hapo, alisema Godefroid, ni ukoo tu.

"Uma tumeazima," Wivine alisema. "Viti tumeazima. Redio ya kufa tumeazima. Sasa hata tumbo yangu tunaazima?"

Godefroid alipunguza utambi wa taa. Kisha akasema neno lililomfunga mkewe mdomo: ikienda vizuri, hakuna Mitwaba. Lori ya Chanda ingeondoka bila mtoto.

Wivine aliyapima mambo hayo mawili kama mwanamke anavyopima nyama mbili zilizooza sokoni, akitafuta ile inayonuka kidogo. Saa moja jikoni, au miaka yote shambani. Akakubali. Asubuhi alimweleza Chola mwenyewe. Chola aliuliza kama Léonie atavaa nguo yake yeye Chola, ile ya kola nyeupe. Wivine akasema ndiyo. Chola akasema itambana kwapani.

*

Komisyo ilikuwa watu watatu: bwana mtawala wa kizungu mwenye jasho shingoni, padri mzee aliyekuwa na usingizi, na Bwana Adalbert, mweusi, aliyepata karata yake miaka miwili kabla. Wazungu walikaa kwenye viti vya katekista. Bwana Adalbert hakukaa. Yeye ndiye aliyejua mahali ambapo mtu mweusi huficha mambo yake.

Alifungua kabati na kuhesabu mashuka. Alilishika shuka la juu, akaligeuza, akalinusa. Alikwenda chooni akakaa huko muda wa kutosha. Aliinua kifuniko cha kila sufuria, akachovya kidole ndani ya mchuzi wa samaki, akakilamba, akasema kwa Kifaransa kwamba chumvi ni nyingi, na bwana mtawala akacheka. Alimwomba Wivine aonyeshe kucha zake. Wivine alinyoosha mikono yake juu ya meza yake mwenyewe, kama mtoto, mbele ya watoto. Bwana Adalbert alikuwa na marashi ya waridi, na kila alipopita, harufu ya waridi ilichanganyika na ile ya moshi wa kiwanda.

Godefroid alisema "Oui, Monsieur" mara nyingi mno hata Désiré akaanza kuzihesabu kwa vidole.

Kisha Léonie akasoma. Alisoma vizuri kweli, maskini, si kosa lake. Mikono nyuma, kola nyeupe, kwapa zimembana, alisoma ukurasa mzima juu ya mto na madaraja yake, na padri akaamka na kusema "Très bien, ma fille." Godefroid alitabasamu kama baba. Wivine alitazama kitambaa cha meza, alfabeti yote kandokando, na hakuinua macho.

Ingekwisha hapo. Lakini Bwana Adalbert alikuwa hajaona jiko la nje. Alivuka ua, akasukuma mlango wa bati, akarudi amemshika Chola mkono juu ya kiwiko. Mtoto alikuwa na masizi kwenye paji la uso na mikononi. Kwenye mkono wa pili alikuwa amebana mfuko wa sukari.

"Na huyu?" Bwana Adalbert aliuliza.

Godefroid alifungua mdomo. Mtu akitafakari baadaye, yako maneno mengi ambayo angeweza kuyasema. Mtoto wa jirani. Mtoto wa ndugu, wa ukoo, ule ukoo aliousifu juzi. Lakini mtu aliyejizoeza miaka mingi kutafuta jibu litakalompendeza anayeuliza hulipata upesi kuliko jibu la kweli.

"Ni mutumishi wetu, Monsieur."

Bwana mtawala aliinua uso kwenye karatasi zake. Ilionekana wazi kwamba amefurahi. Nyumba ya mweusi yenye mtumishi. Aliandika kitu. Bwana Adalbert, ambaye hakupenda kupitwa, akauliza wanamlipa ngapi.

"Franka makumi tano," Godefroid alisema. "Kwa mwezi. Na chakula."

Chola hakulia. Alimtazama baba yake kwa makini, jinsi alivyokuwa akizitazama herufi kitabuni, kama mtu anayengojea kuona kama sura yake itageuka upande mwingine. Haikugeuka. Kisha akamtazama mama yake.

Wivine alijua kwamba kunyamaza pumzi moja zaidi kungemwokoa mtoto na lori. Karata ilikuwa inaandikwa pale pale, alisikia kalamu. Alijua pia kwamba mtoto aliyeuzwa kwa franka hamsini mbele ya mama yake hahitaji lori kumpeleka mbali. Akaizunguka meza, akaja kusimama karibu na Chola.

"Ni mutoto wangu. Njo wa kwanza. Jina yake Chola, iko na miaka kumi. Ule mwenye alisoma ni Léonie wa Baba Paulin. Sahani ni zangu. Uma hapana."

Alisema kwa utulivu kabisa. Redio ya kufa ilimsikiliza. Padri akatazama viatu vyake. Bwana mtawala hakuelewa Kiswahili chote, akamgeukia Bwana Adalbert, naye akamtafsiria, sentensi kwa sentensi, kwa ladha.

"Anajua kusoma," Wivine aliongeza. "Anasoma na mikono. Mumupe dakika ine."

Bwana mtawala alifunga jalada. Alisema kwa Kifaransa kwamba hawana muda, kwamba nyumba nyingine tatu zinangoja. Walipokuwa wanatoka, Bwana Adalbert aligundua masizi kwenye vidole vyake, yale ya mkono wa Chola. Alirudi hatua moja, akavipangusa kwenye kitambaa cha meza, juu ya herufi M, kidole kwa kidole, akatoka.

*

Godefroid hakumpiga mtu. Alifungua tai, akakaa juu ya kitanda na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Umeniua, Mama Chola."

"Ulisema makumi tano," Wivine alimjibu. "Na chakula."

Jioni ileile alizirudisha uma kwa Paulin, zimeoshwa, zimefungwa katika gazeti. Mke wa Paulin alizihesabu mlangoni, zote sita, mara mbili. Habari zilikuwa zimemtangulia. Katekista aliwatuma vijana wake wakachukue viti kabla hajapelekewa. Kitambaa cha meza Wivine alikifua mara tatu. Alama za vidole zilikwisha, lakini yeye aliendelea kuziona, na mwisho akaifumua M yote na kuidarizi upya.

Jibu la serikali lilikuja baada ya siku tisa. Lilisema ombi limekataliwa kwa sababu ya udanganyifu, na kwamba mhusika anaweza kuomba tena baada ya miaka miwili. Stesheni walimpokea Godefroid kwa ukimya. Siku ya pili mtu fulani akalia kama mbuzi nyuma ya kabati la majalada. Akarudi nyumbani bila leso puani, moshi ukimwingia.

Chola naye alibadilika. Hakuwa na hasira, angalau haikuonekana. Baba yake alipoomba maji, alijibu "Ndiyo, Monsieur," na maji yakaja mara moja, juu ya sahani. Baba alipokuwa anakula, mtoto alisimama kando ya mlango, mikono mbele, mpaka amalize, akaondoa vyombo. Wivine alimkataza. Chola alisema, "Ndiyo, mama," na kesho yake akasimama tena palepale. Godefroid alijaribu kucheka, akajaribu kukaripia. "Ndiyo, Monsieur." Lori ya Chanda ilipiga honi barabarani mwisho wa mwezi. Godefroid alitoka, akazungumza na Chanda dirishani, na lori likaenda Mitwaba na magunia yake bila mtoto. Aliporudi ndani hakuna aliyemshukuru.

Siku hiyo ilikuwa pia ya mshahara. Baada ya chakula Chola aliondoa sahani, akapangusa meza, kisha akaja kusimama mbele ya baba yake na kunyoosha kiganja.

"Monsieur," alisema, "mwezi umekwisha."

Godefroid alikitazama kile kiganja. Kilikuwa kidogo, na kwenye ncha za vidole palikuwa na vidonda vidogo vya sindano, kwa maana sasa mtoto alikuwa anajishonea herufi zake mwenyewe. Kisha akanyanyuka, akatoka nje, na waliobaki ndani wakasikia sauti ambayo watoto hawakuwahi kuisikia. Désiré akauliza kama baba anakohoa. Wivine akasema ndiyo, ni moshi.

Jumapili baada ya misa walikaa uani, mama na watoto wake wawili, wakizunguka mashimo ya kisolo. Pasaka ilikuwa mbele yao kwa juma moja tu. Chola alikuwa anasoma mistari minne bila kuchora pajani, na hakuna aliyejua kama minne itamtosha sista mkuu. Godefroid alitoka ndani na suruali yake ya misa. Alisimama. Alizunguka mara moja, kama anayekagua ua. Halafu akavuta suruali magotini ili isiharibu mikunjo yake, akachuchumaa karibu na mfuko, akauliza kama kuna nafasi.

Désiré alimwambia afumbe macho, na asidanganye.

Aliingiza mkono. Vidole vile vilikuwa vimeandika maelfu ya hati za mizigo, vilisifiwa na wazungu watatu waliofuatana pale ofisini. Vilishika herufi, vikaigeuza, vikaipapasa kingo, Chola akichungulia kwenye mdomo wa mfuko.

"P," alisema.

"Hapana, Monsieur."

"R."

"Hapana."

Akaigeuza tena. Jasho lilimtoka juu ya midomo. Alisema nyingine, kisha nyingine, haraka zaidi, na kichwa chake kikaanza kushuka kati ya mabega. Wivine aliona. Chola pia aliona. Hakuna aliyeyajua mabega yale kuliko yeye. Kwa muda alimtazama tu yule mtu mzima aliyefumba macho, akingojea kofi.

Halafu akaweka mkono wake juu ya mfuko, upande wa nje, mahali mkono wa baba yake ulipokuwa ndani.

"Polepole, baba," alisema. "Hakuna mwenye anakufukuza."